Naonja Kwanza

Kwa Mbaruk, pale Kongowea, mlango wa pili baada ya viatu vya mitumba,
filamu huuzwa kama mchele: unapimiwa.
Ishirini kwa mia. Arobaini, mia na hamsini.
Nawe unatoa flashi yako
kama mgonjwa anayetoa ulimi.

"Za watoto," nikamwambia. "Lakini mama asife."
Mbaruk akakuna kidevu.
"Dadangu, katuni zote mama hufa.
Asipokufa mama, hadithi haianzi."

Nikazibeba hivyo hivyo hadi Bombolulu,
na usiku, wale wawili walipolala,
Nyevu kajikunja, Tsuma kajitawanya,
nikaketi peke yangu, sauti nimeipunguza hadi mnong'ono,
naonja kwanza,
kama nionjavyo uji kwa ncha ya ulimi
kabla sijampa mtu.

Hii ina mama wa kambo mwenye kucha ndefu.
Nikatazama kucha zangu. Futa.
Hii ina makao ya watoto, na bibi
anayewahesabu kwa fimbo kila jioni.
Futa, nikabonyeza tena futa, na ilishafutika.
Hii, mwishoni wanakuja "wazazi wa kweli"
na gari jeupe na fidla nyingi,
na yule aliyemlea kijana miaka tisa
anaachwa kibarazani, ufagio mkononi.
Hiyo sikuifuta. Niliitazama mara mbili,
nikalala vibaya.

Mwakio husema: unawafunga kitambaa machoni.
Hawa wameyaona yenyewe, si kwenye kioo.
Namjibu: ndiyo maana.

Ijumaa nikachagua ya mbwa. Mbwa tu.
Hakuna kaburi, hakuna hakimu, hakuna makao,
mbwa mwekundu anayeiba mikate mtaa mzima.
Nikakaanga mihogo, nikaitia pilipili na ndimu,
tukajipanga mkekani, feni ikilalamika juu yetu.
Tsuma alicheka hadi mhogo ukampalia.

Kisha mwenye mbwa akahama.
Si jambo; dakika moja; kuhama tu.
Akatia nguo zake katika mfuko wa nailoni,
ule wa milia ya buluu na nyekundu,
akaupiga fundo.

Tsuma akanyamaza.

Mfuko.
Mimi niliyepepeta vifo vyote,
mfuko ulinipita ungoni kama chuya.
Ndio aliokuja nao, mwaka juzi,
fundo hilo hilo; mwezi mzima
hakutaka mtu alifungue.
Bado uko chini ya kitanda chake. Mara moja moja
nikifagia naukuta umekunjwa upya.

Nikaanza kupapasa rimoti mkekani,
na kabla sijaishika, tii, tii, tii,
tokeni zikaisha. Giza.
Feni ikajizungusha kidogo kwa mazoea, ikasimama.

"Mama, usiwashe simu," Nyevu akasema.

Halafu sauti ya Tsuma, ndogo,
kama ya mtu anayesoma risala mbele ya shule:
"Alihama, lakini mbwa alikuwa ndani ya mfuko.
Alikunjwa kama shati.
Na walipofika kule walilegeza fundo, basi.
Hawakumwambia toka. Walimngoja."

"Walimngoja siku ngapi?"

"Sijui. Mpaka akasikia harufu ya mihogo."

Hakuna aliyesema kitu. Jirani aliburuta ndoo.
Mwakio akaja na tarakimu zake ishirini kwenye simu,
Tsuma akizisoma, Nyevu akizibonyeza,
wakakosea, wakaanza upya, wakagombana kuhusu sita na tisa,
taa ikarudi na kutukuta tumekunja nyuso.

Runinga ikauliza:
uendelee ulipoachia, au uanze mwanzo?

Nikamtazama Tsuma.
Alikuwa anatafuna mhogo wa mwisho. Wangu.
"Zima," akasema. "Ile ishakwisha."

Usiku huo nikachomeka flashi tena,
sauti chini, miguu juu ya kigoda.
Bado naonja kwanza.
Sasa naangalia na mifuko.